Pale Alipopuliza Makame

Wanangu, Jumamosi ile mlipokuja kwangu Nguvumali na kikapu cha machungwa na kompyuta, nilijua mna jambo. Mimi siletewi machungwa bure. Mkaniamkia, mkala wali wangu wa nazi, mkausifu kupita kiasi, halafu mmoja wenu, simtaji jina, akakohoa akasema, "Bi Zuhura, tumeipata sauti ya Mzee Makame." Mkabonyeza. Nami mbele yenu wote, mtu mzima na mvi zangu, nikalia mpaka mkaanza kutazamana.

Mliniuliza swali moja na sikuwajibu. Mnaipiga Korona mwezi ujao, mara ya kwanza bila mimi kusimama mbele yenu kupunga mikono. Pale karibu na mwisho, penye kile kimya kirefu, mnataka kuweka sauti ya zumari ya Makame mliyoitoa kwenye kanda ya zamani, itoke kwenye spika. Mnataka ruhusa yangu. Nimeona nijibu kwa kuandika, kwa sababu nikisema kwa mdomo mnanikatiza, na kwa sababu jibu lenyewe siwezi kulitoa bila kuwaeleza watu waliomo ndani yake. Mnivumilie. Mtu akistaafu ndipo maneno yanapomjia.

Nianze na jina, maana kuna mwaka mlicheka mkadhani nimetunga muziki wa ugonjwa. Korona ni mashine ya mkonge. Watu wa Tanga waliijua kabla ugonjwa haujaitwa hivyo. Ni dude linalomeza majani ya mkonge upande mmoja na kutema singa, nyuzi zake, upande wa pili, na baba yangu alilifanyia kazi kwenye shamba moja upande wa Muheza. Nilipokuwa mdogo niliamshwa nalo. Linaanza chini, kwa kukoroma, linapanda taratibu, mikanda inapiga mluzi, vyuma vinaingiliana, mpaka unasikia kwenye meno. Kisha likizimwa linashuka lote, na unasikia kunguru. Wengine husema walipendea muziki kwenye kasida au kwenye redio. Mimi niliupendea kwenye korona, na nyumbani walidhani nina kasoro.

Kazi yenyewe niliiingia kwa mlango wa nyuma. Kikundi cha taarabu cha kina mama mtaani kwetu Ngamiani kilitaka wasichana wa kuitikia. Nikaenda. Kiongozi wetu akanisikiliza, akaniambia nimechoka, nikakae. Siku ya pili akaniambia tena nimechoka. Nikaelewa. Lakini gitaa la besi lilikuwa zito na hakuna binti aliyetaka kulibeba, basi nikalibeba, na aliyebeba ndiye aliyepiga. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mpiga besi. Sitaki kusikia mtu anawaambia eti kipaji kilinitafuta. Kilichonitafuta ni mzigo.

Nota nilifundishwa chuo cha ualimu na Mwalimu Klementi, mtu mpole aliyekuwa na kikohozi na suruali za kupanda juu ya kitovu. Ndiye aliyenionyesha kwamba muziki unaweza kuandikwa karatasini, ukapigwa na watu ambao hawajawahi kukuona. Nilidhani ni uchawi. Nikaanza kuandika kama mtu aliyepewa sukari ya bure. Utunzi wangu wa kwanza wa fidla na selo niliujaza nota mpaka karatasi ikawa nyeusi. Mwalimu akautazama, akauliza, "Zuhura, huyu wa selo atageuza ukurasa kwa mkono upi?" Nilikuwa nimemkatia ukurasa katikati ya mbio. Siku ya kuupiga, yule bwana aligeuza kwa meno. Watu wa mbele walidhani ni sehemu ya utunzi, wakapiga makofi.

Basi hilo mlichukue: ukurasa usikatwe katikati ya mbio. Na jingine, chuma kikining'inizwa kwa waya hakilii vizuri. Kining'inizeni kwa kamba ya mkonge, kitatetemeka mpaka kichoke chenyewe. Na kabla hamjamwandikia mtu, kaeni naye. Mwone anavyocheka, anavyokaa, mkono upi unamuuma. Nyinyi siku hizi mnaandika kwenye kompyuta, inawapigia yote papo hapo bila kunung'unika, mnakuja kwa wapigaji mnashangaa wao wananung'unika. Wana haki. Kompyuta haikupanda bodaboda kutoka Pongwe na fidla mgongoni.

Sasa Edi. Edi Mhina ni Mbondei wa Muheza, na hayo machungwa mliyoniletea najua mliyatoa shambani kwake, msijifanye. Leo ana baridi yabisi vidoleni na anafuga mbuzi. Mimi nilimjua akiwa na suruali ya kubana na nywele alizozichana juu mpaka mama yake alimkataza kuingia nazo kanisani. Alipenda roki. Alizipata sahani za santuri kwa mabaharia bandarini, akakaa nazo chumbani akichimba kila mlio kwa gitaa lake. Wenzake wa dansi walimwona mwehu. Amplifaya yake aliipasua makusudi: alichukua wembe akaichana karatasi ya spika ndani, ili gitaa likorome. Mwenye amplifaya, maana haikuwa yake, alitaka kumpeleka polisi.

Mimi niliposikia ule mkoromo niligutuka. Nilikuwa napita tu njia ya Raskazone, gari zinapita, nikasimama chini ya dirisha lake. Ilikuwa korona. Nikagonga mlango, nikamwambia, "Kaka, nataka ulipige hivyo hivyo kwenye muziki wangu." Edi akatazama buibui langu, akatazama viatu vyangu, akasema, "Dada, umepotea. Taarabu ni mtaa wa pili." Tumefanya kazi pamoja tangu siku ile mpaka vidole vyake vilipokataa.

Ndipo nikaanza kuitunga Korona. Fidla nne, selo, besi, gitaa la Edi, upatu, na vyuma vya korona yenyewe tulivyovitoa kwenye shamba lililokufa, meno ya mashine yaliyoliwa na kutu, tukavisugua kwa mchanga. Nyundo za kuvipigia tulizitengeneza kwa soli za kandambili. Hizo mnazijua, bado mnazitumia, ingawa mnazipuuza mnaziacha juani. Lakini utunzi ulikuwa na tatizo. Edi alipanda, vyuma vikapanda, kila kitu kikapanda, halafu? Hakukuwa na sauti ya kuwapokea kule juu. Niliandika mwisho mara nyingi na kila mara ulianguka chini kama chapati mbichi.

Makame alikuwa fundi cherehani. Mpemba wa Wete aliyehamia kwetu zamani, akakaa Ngamiani na cherehani yake nje ya duka la vitambaa, akishona kanzu. Kwenye harusi alipiga zumari, na hakuna aliyempita pwani hii. Ukimkuta asubuhi yenye harusi jioni, alikuwa anaongea kwa upande mmoja wa mdomo, kwa sababu upande wa pili aliweka kile kipande cha jani la mvumo kinachoingia kwenye zumari kutoa sauti. Alikiloweka shavuni tangu alfajiri. Wateja walimuuliza bei, akawajibu kwa nusu mdomo, na wengine walidhani ana jino bovu.

Nyinyi mmemsikia kwenye kanda tu, basi niwaeleze. Mpiga zumari hasimami kupumua. Anavuta hewa kwa pua huku mashavu yanasukuma ile iliyobaki, na sauti inakwenda haikatiki. Wengi wanajua kufanya hivyo. Ila wengi unasikia pale pumzi mpya inapoingia, sauti inatikisika kidogo, kama mtu anayebeba ndoo akibadilisha mkono. Kwa Makame hukusikia kitu. Nilisimama karibu naye miaka mingi nikitega sikio, na sikuwahi kumkamata.

Mazoezi ya kwanza tulifanya kwenye ukumbi mmoja Raskazone. Makame akaja na kanzu na kofia, akakaa kwenye kiti, akapuliza sauti moja ndefu. Wapiga fidla wakakunja nyuso. Zumari imetobolewa kwa mkono, ina njia zake, haikukaa kwenye nota zetu. Ilikuwa katikati, haiko huku wala kule.

Edi akamwambia kwa adabu, "Shikamoo mzee. Hiyo yako iko juu kidogo."

"Marahaba. Juu ya nini?"

"Juu ya hizi fidla."

Makame akazitazama fidla moja moja. "Sasa mie nifanyeje, mwanangu? Mti huu nshautoboa."

Tukahangaika kutwa. Fidla zikapandishwa, nyuzi zikakatika. Makame akajaribu kubana mdomo ateremke, sauti ikawa kama mbuzi. Nilikwishakata tamaa, nikakaa chini nafungua chai. Ndipo Edi, kwa kucheza tu, akafanya kile wanachofanya watu wa roki: akaubonyeza uzi wa gitaa na kuuvuta kwa kidole uende pembeni, sauti ikapanda bila kuhama mahali. Akavuta, akavuta, mpaka akafika palepale alipokuwa Makame, kwenye ule ufa baina ya nota mbili. Sauti mbili zikagusana. Amplifaya ile iliyochanika ikaanza kulia kama zumari, na zumari ikaanza kukoroma kama amplifaya, na kwa muda sikujua yupi ni yupi.

Makame akaitoa zumari mdomoni. "Hee!" akasema. "Kumbe nalo lalia!"

Huo ndio mwisho wa Korona. Mashine zinazimwa moja moja, fidla zinashuka, linabaki gitaa linavuta uzi, linapanda, na Makame anakuja kulipokea kule juu, wanakaa pamoja muda wa kutosha mtu kusahau yuko wapi. Sijatunga kitu kingine kilichonitosheleza kama pale. Na hata pale sikupatunga mimi peke yangu, nilipaandika tu walipokwisha kupapata.

Tuliipiga pwani yote. Niwape kisa kimoja mcheke kidogo kabla sijaingia kwenye uchungu. Mara ya kwanza kabisa tuliipanga alasiri, siku ya ishirini na tisa ya Shaabani kwa hesabu yangu, nikajiambia Ramadhani ingali kesho kutwa. Wageni wakaja, wengine kutoka mbali. Umeme ukakatika. Tukangoja amplifaya ya Edi, maana bila umeme hakuna Korona. Umeme ukarudi magharibi inaingia. Tumeinua nyuta za fidla tu, msikiti wa jirani ukatangaza mwezi umeandama. Makame akaifunga zumari kwenye kitambaa, akainuka, akasema, "Haya, Ramadhani karimu, tutaonana baada ya Idi." Mpiga upatu na wa fidla wakainuka. Wa vyuma wakainuka. Mimi nami nikainuka, ningefanyaje? Jukwaani wakabaki Edi na mama mmoja wa selo, Msambaa wa Lushoto, wametazamana, na wageni wanangoja. Edi akawapigia roki mwenyewe mpaka walipochoka. Tangu hapo, mtu akinipangia shughuli mwishoni mwa Shaabani namwambia apange na mwezi kwanza.

Siku Makame alipokuja nyumbani kwangu bila kuitwa, ilikuwa baada ya sala ya alasiri, kanzu mpya, kofia aliyoishona mwenyewe. Wanawe walikuwa wamemfanyia mpango wa kwenda Makka. Nilikuwa nimesikia, nikamfurahia. Akakaa barazani, akakataa maji, na ukimwona mtu wa pwani anakataa maji ujue amekuja na neno.

"Zuhura," akasema, "nimekuja kukutaka radhi. Tumefanya kazi pamoja siku nyingi. Ikiwa nilikukosea, kwa neno ama kwa jicho, nisamehe."

Mnajua desturi yetu. Anayekwenda Hija hupita kwa jamaa na majirani akiomba asamehewe, aende mwepesi. Makame alikwisha kupita mtaa mzima. Na mnajua pia kwamba mpiga ngoma akirudi kutoka kule, aghalabu hapigi tena. Hakuna anayemlazimisha. Mwenyewe hutaka. Nilivyomtazama usoni nilijua Makame amekwisha kutaka.

"Fundi, hukunikosea kitu," nikamwambia.

"Sema umenisamehe."

Sikusema. Sikusema kwa muda mrefu kuliko adabu inavyokubali. Wapita njia walitusalimu, akawajibu yeye peke yake. Nilijua nikisema neno lile nimemfungulia mlango, na kwamba kweli mimi ni Mwislamu kama yeye, sina haki ya kumshika mtu kanzu anapokwenda kwa Mola wake kwa ajili ya nota chache nilizozipenda. Lakini nilizipenda. Nisiwafiche.

"Na Korona?" nikamuuliza.

"Korona yako. Mie nilikuwa mpangaji."

Nikasema, "Nimekusamehe. Nenda salama, urudi salama, utuombee." Akanishukuru akaondoka. Aliporudi kutoka Hija hakukaa sana Tanga. Alifunga cherehani, akarudi Pemba kwenye mikarafuu ya wazee wake.

Mnafahamu nilichofanya baadaye, maana mmekulia humo. Pale aliposhika sauti Makame niliandika kimya cha urefu uleule. Gitaa linavuta uzi, linapanda, linafika, na hakuna wa kulipokea. Watu wote jukwaani hawatikisiki. Edi alichukia, alisema ni kama kunyoosha mkono kusalimia mtu asiyekuwepo. Lakini wasikilizaji walipenda, si kidogo. Dar es Salaam bwana mmoja mwenye miwani alinifuata akaniuliza wazo la kisasa namna ile la kimya nililitoa wapi. Nikamwambia Makka. Akaandika kwenye simu yake.

Nimesimama mbele ya kimya kile kila tulipoipiga Korona, mkono juu, nikimsikia Makame peke yangu. Vichwani mwenu mlidhani nahesabu. Sikuwa nahesabu kitu.

Ndiyo sababu mlipobonyeza kompyuta yenu nililia. Mliisafisha kanda ile vizuri, sijui mlifanyaje, kelele zote mmezitoa kabaki yeye. Mlipoondoka niliisikiliza tena kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Nilitaka kuwapigia usiku uleule niseme wekeni, wekeni hata kesho. Kitu kimoja kilinizuia: mwenye sauti yu hai. Nikajiambia nitakwenda kumwomba, naye ni mtu mwema, atakubali. Nikapanda boti kwenda Pemba. Nilitapika njia nzima, lakini hayo si ya kuandika.

Nilimkuta uani kwake, mkewe Bi Raya anageuza karafuu kwenye majamvi. Makame amekonda, ndevu nyeupe, mgongo bado umenyooka.

"Shikamoo, Alhaji."

"Marahaba. Nani huyo? Zuhura! Raya, njoo uone, Zuhura wa Tanga kaja! Wafanya nini huku, mama, nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Haya, kaa basi. Kunywa chai."

Tukaulizana hali. Aliuliza habari za Edi, nikamwambia anafuga mbuzi, akacheka mpaka akafuta macho. Nami nilikuwa naichezea simu mkobani. Mwishowe nikaitoa.

"Fundi, vijana wangu wameipata sauti yako. Ile ya ukumbi wa Raskazone, kabla hujahiji."

Akaitazama simu, hakuigusa. "Yasikika?"

"Yasikika. Wameisafisha. Wataka kuiweka mahali pako kwenye Korona. Nimekuja kukuomba ruhusa."

Bi Raya akaacha kugeuza karafuu. Makame akaniuliza, "Pahala gani? Pale mwisho?"

"Pale mwisho."

"Hebu nkumbushe kulikuwaje."

Simu sikuiwasha, nilimwonea haya. Nikamweleza kwa maneno na mkono tu. Nikamwambia mashine zimezimwa, fidla zinashuka, selo nayo imekwisha kunyamaza, sasa Edi anaubonyeza uzi, anavuta, Fundi, anavuta, anapanda, anafika pale kwenye ufa, na wewe...

Mashavu yake yakajaa.

Naapa hakukusudia. Alikuwa amefumba macho ananisikiliza, na mashavu yalijaa yenyewe, mapana, kama ya ujana wake, na vidole vikatandazika juu ya magoti kila kimoja penye tundu lake. Nilikata maneno. Sote watatu hatukutikisika. Nilikuwa namngoja, wanangu. Nilikuwa naomba moyoni kitu ambacho sikustahili kukiomba.

Kisha hewa ikamtoka kwa pua, polepole, bila sauti. Akafumbua macho. "Astaghfirullahi," akasema, na akacheka. Bi Raya naye akacheka. Mimi sikuweza.

"Zuhura," akasema alipotulia, "mtu akifa ndo huwekewa kanda, watu wakasikia sauti yake wakalia. Mie sijafa. Leo asubuhi nimekwenda msikitini kwa miguu yangu. Sauti ile nilikuja barazani kwako nkaiwacha kwa wema, na wewe ukanambia umenisamehe. Au hukunisamehe?"

"Nilikusamehe."

"Basi. Ukinirejesha kwa mashine wanirejesha nusu. Na hicho kimya chako nacho nimekisikia habari zake, watu wa Tanga huja huku. Wanitilia kiti kitupu miaka yote, watoto wakipiga wapita pembeni. Kwani pale pangu? Weka mtu."

"Mtu gani, Fundi? Hakuna mwingine."

"Mwingine kama mie hakuna," akasema bila majivuno, kama anayetaja kipimo cha kanzu. "Lakini mtu hakosekani."

Nilikasirika. Safari nzima ya kurudi nilikuwa na hasira naye, halafu na nyinyi kwa kuipata ile kanda, halafu na Edi kwa sababu nilihitaji wa tatu. Nilipofika nyumbani hasira iliisha ikabaki ile hamu niliyokuwa nayo tangu aliponitaka radhi, na hiyo haina haraka.

Basi jibu langu ni hili. Kanda haiwekwi. Maadamu Alhaji Makame yu hai, sauti yake haitoki kwenye spika mbele ya watu. Mtakaa nayo wenyewe mjifunze. Mimi ninayo kwenye simu, naisikiliza nikifua nguo. Sikuifuta, na msinitarajie nitaifuta.

Na kimya nacho nimekiondoa. Nilikaa jana na karatasi, nikaifuta ile alama, na kwa kuwa niliiandika kwa nguvu siku zile, karatasi imechubuka kidogo. Pale sasa pana mistari mitano ya nota, mitupu. Gitaa litavuta uzi kama kawaida, lifike palepale juu, na mmoja wenu atalipokea. Awe wa tarumbeta, awe wa yale mabomba yenu ya maji mnayoyapuliza, awe mwimbaji, ni juu yenu. Asiniulize apige nota gani. Akae na mpiga gitaa watafutane mpaka wapatane, kama walivyofanya wale. Ila asimwige Makame. Akimwiga nitajua, na nitainuka nitoke.

Nitakuja siku hiyo. Nitakaa viti vya nyuma, msiniite jukwaani, msinipe maua. Ikifika zamu ya pale, sikio moja litawasikiliza nyinyi kwa haki kabisa, na la pili litakwenda Pemba. Msihangaike nalo. Hamu hiyo ni yangu, nimekwisha kuizoea. Nyinyi pigeni.